Kitambaa cha Mwavuli

Kazini walimwita Mkunga, ingawa hakuwahi kupokea mtoto wa mtu hata mmoja. Alizalisha samaki. Si kwamba samaki wana haja ya kuzalishwa. Ukiwaacha watataga wenyewe, kisha watageuka na kuyala mayai yao kabla hujamaliza kupiga mwayo, maana samaki hana haya. Kazi ya Mkunga ilikuwa kufika maabara kabla taa hazijawaka, kuondoa kizuizi kilichotenga dume na jike, kungoja wamalize mambo yao, halafu kuyachota mayai kwa chujio la chai na kuyapeleka salama kwenye visahani vya kioo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Wakubwa watatu wa maabara walikuja na kuondoka, na kila mmoja alimwachia yeye funguo.

Samaki wenyewe walikuwa wadogo, urefu wa kidole cha mtoto, wenye mistari ya buluu ubavuni. Uzuri wao ulikuwa kwenye yai. Yai lao linapenyeza mwanga, na ukiliweka chini ya hadubini unamwona mtoto akijengwa ndani yake saa kwa saa: leo jioni jicho, kesho moyo unadunda na mkia unarukaruka. Watafiti waliwaita viinitete. Mkunga aliwaita watoto, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Mambo haya yalianzia kwenye ndoo ya kaka yake. Kaka alikuwa mtu wa maneno mengi na ndevu chache, mfugaji aliyechimba bwawa la samaki kwa mikono yake kando ya mto, mwendo wa saa tatu kutoka mjini. Mwaka uliopita alikuja na ndoo ya vifaranga wa samaki waliopinda mgongo, wengine wamejikunja kama kucha iliyokatwa. Akaitua mlangoni pa maabara na kusema, "Haya, Mkunga, na hawa walizalishwa na nani?" Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakucheka.

Juu ya bwawa lake, mtoni, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Maji yakapimwa, yakakutwa na risasi na kadimi, metali mbili ambazo hakuna mwenye akili timamu anayezitaka tumboni. Kiwanda kikaleta wakili. Wakili hakukana kitu. Alisema tu kwamba kiasi ni kidogo mno, kwamba bwawa la mzee huyu ni la kina kifupi na halina kivuli, na kwamba anayepinda migongo ya samaki ni jua. Jua nalo, kama mjuavyo, haliwezi kuitwa barazani kujitetea.

Basi maabara ikampa kazi hiyo mtafiti mmoja, binti wa miaka ishirini na tisa aliyekuwa akitafuta shahada yake ya mwisho, msahaulifu wa chakula lakini mkali wa hesabu. Alipanga jaribio ambalo hata mtu wa sokoni angelielewa. Visahani vyenye alama ya buluu vilikuwa na maji safi. Vyenye alama ya njano vilikuwa na maji yaliyotiwa metali kwa kiasi kile kile cha mto. Watoto wakishatimiza siku moja, visahani vyote viliwekwa chini ya taa ya miale mikali, ile inayobabua ngozi kwenye jua la saa saba, kwa muda ule ule. Siku ya tatu wakahesabiwa. Kama jua ndilo lenye hatia peke yake, buluu na njano wangepinda sawasawa.

Hawakupinda sawasawa. Jaribio lilirudiwa mara sita, na kwa wastani, katika kila watoto mia, wa buluu walipinda saba na wa njano hamsini na wanane. Kaka alipopigiwa simu alinyamaza kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wao, kisha akasema atakuja kwenye kikao cha kamati ya maji na ndoo yake.

Jumanne, siku mbili kabla ya kikao, mtafiti alimkalisha Mkunga kwenye kiti kirefu kati ya matangi na kusimama mbele yake na karatasi mkononi.

"Mama, nisikilize. Wale wa kamati si watu wa maabara. Nikiwachosha tumekwisha. Nitakueleza kana kwamba hujui kitu."

"Hiyo kana kwamba iache," alisema Mkunga. "Wewe eleza."

"Haya. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi, ndiyo vinasaba. Yanasema mgongo upite wapi, jicho likae wapi. Miale ya jua ikipiga, maandishi yanaharibika, yanagandana pasipotakiwa. Hapo wakili amesema kweli. Lakini samaki ana fundi ndani yake. Fundi anapita, anaona palipoharibika, anatengeneza. Hawa wa buluu walipigwa na taa, fundi akawatengeneza. Wa njano nao wanaye fundi, ila metali imemfunga mikono."

"Huyo fundi anaingia kazini saa ngapi?" aliuliza Mkunga. Alitania tu. Fundi wa paa la nyumba yake alikuwa amepotea tangu mvua za kwanza.

Mtafiti alicheka. "Umeuliza jambo la maana. Mafundi ni wengi, ila aliye hodari kuliko wote kwa samaki anafanya kazi kwa mwanga. Mwanga wa kawaida tu, huu wa dari. Samaki akishapigwa na miale, ukamwacha kwenye mwanga, kwa saa chache anakuwa amejitengeneza sehemu kubwa. Ukimtia gizani, fundi huyo anakaa bure. Ndiyo maana hizi taa hatuzizimi mchana."

Mkunga alikuwa ameingiza mkono mfukoni mwa koti la kazi. Vidole vyake vilikigusa kitambaa, akakifumbata.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cheusi, kimekatwa kutoka kwenye mwavuli uliovunjika mbavu. Kila mlezi wa samaki anajua kwamba samaki aliyehamishwa tangi, au aliyeumia, hufunikwa. Unamtupia kitambaa juu ya tangi, anatulia, anapona. Mkunga aliwafunika samaki wakubwa kwa miaka kumi na tisa na wengi waliinuka. Na asubuhi zile sita, mtafiti alipokwisha kuzima taa yake ya miale na kukimbilia darasani kufundisha, Mkunga alibaki na visahani. Hakuwa ameambiwa njano ni nini na buluu ni nini. Hivyo ndivyo jaribio lilivyotakiwa kuwa. Lakini macho anayo. Aliwaona wa njano wamelegea, mikia yao ikirushwa mara moja pale wenzao waliporusha mara tatu. Akawahurumia. Akawafunika wapumzike, mpaka saa nane mchana alipokuja kuokota mayai yaliyokufa, akakikunja kitambaa na kukirudisha mfukoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hawakukosea hata nguo.

"Mama, unanifuata?" aliuliza mtafiti.

"Nakufuata," alisema Mkunga. "Endelea."

Hakusema kitu siku hiyo. Tusimfanye malaika, aliogopa. Aliiogopea kazi yake, akamwogopea binti yule aliyeandika kurasa mia mbili juu ya hesabu zile, na zaidi ya yote alimwogopea kaka yake, ambaye alikuwa ameshafika na kukaa sebuleni kwake, ndoo katikati ya miguu, akiwapa vifaranga makombo ya mkate kama wageni wa heshima.

Walipomaliza kula cha jioni alimweleza kaka kila kitu. Kaka alisikiliza huku akikwangua meno kwa kijiti.

"Maji ya mto ni mabaya?" aliuliza.

"Ni mabaya."

"Una shaka?"

"Sina."

"Sasa tatizo lako nini, mdogo wangu? Mwizi ni mwizi. Kama aliiba kuku, ukasema ng'ombe, bado alikuwa ndani ya boma la watu."

"Wakili wake atauliza ng'ombe yuko wapi, kaka."

"Nani atamwambia aulize? Nani anajua habari ya kitambaa? Wewe na mimi." Kaka aliinama akaitazama ndoo yake. "Bwawani wamebaki majike kumi na mmoja. Nikingoja msimu mwingine sitakuwa na cha kutetea. Mimi nakuomba, na unajua sina mazoea ya kuomba. Nyamaza siku mbili tu."

Alimpenda kaka yake. Ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki, ndiye aliyemfundisha kumshika samaki bila kumtoa magamba. Kumnyima jambo kulimuuma kama kumnyima mtoto maji. Lakini alijua kitu kimoja ambacho kaka hakukijua: jaribio likishatangazwa, kiwanda kitawapa watu wengine walirudie. Hao hawatakuwa na kitambaa. Watapata hesabu yao, si hamsini na wanane, na yule binti ataitwa mwongo mpaka anaingia kaburini, na maji yataendelea kumwagwa mtoni kwa raha zote.

Jumatano asubuhi alifika mapema kuliko siku zote. Mtafiti alipoingia alikuta kitambaa cheusi kimetandikwa mezani, kimenyooshwa vizuri, na Mkunga amesimama pembeni yake na mikono nyuma.

"Shikamoo, mama. Hiki nini?"

"Marahaba. Hiki nimewafunikia watoto. Wa njano. Kila mara, ukishazima ile taa yako, mpaka saa nane."

Mtafiti alikitazama kitambaa, kisha dari, kisha kitambaa tena. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, maskini, na siku hiyo wepesi ule haukumsaidia kitu. Akakaa chini bila kuvua begi mgongoni.

"Mara zote sita?"

"Zote."

"Mama, wewe unaandika mpaka joto la maji likipanda nusu nyuzi. Unaandika balbu ikiwakawaka. Kwa nini hili hukuliandika?"

"Nani anaandika kwamba amemfunika mtoto?" alisema Mkunga, akakinyoosha kitambaa tena.

Mtafiti hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifungua begi, akatoa zile karatasi za kikao, akachora mstari juu ya hamsini na nane kwa utaratibu mkubwa, kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Kisha akasema kwamba mama angeweza kunyamaza na yeye asingejua maisha yake yote, na kwamba kwa sasa hawezi kumshukuru, labda baadaye.

Kikao cha Alhamisi kilikuwa kifupi. Mtafiti alisimama mbele ya kamati, akakabidhi barua yenye ile hesabu ya kwanza, na kusema kuna kasoro katika utunzaji wa visahani, na kwamba anaomba miezi miwili arudie kazi. Wakili wa kiwanda, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, alisema hana pingamizi, kiwanda hakina haraka. Kwenye safu ya nyuma kaka aliinua ndoo yake na kutoka. Alimpita Mkunga bila kumtazama, na maji yakamwagika kidogo kwenye kiatu cha dada yake.

Walianza upya Jumatatu. Safari hii mtafiti aliongeza kundi la tatu, alama nyeupe: maji safi, lakini yafunikwe.

"Tunahitaji kujua kitambaa peke yake kinafanya nini," alisema. "Na atakayefunika ni wewe, mama. Kitambaa kile kile, saa zile zile."

"Unanitia adabu?"

"Hapana. Mkono wako ndio unaojua ulifanyaje."

Mkunga alifanya. Kila baada ya taa ya miale aliwafunika wa nyeupe, wazima, wachangamfu, akijua sasa anachowafanyia, na kila mara alikaa mbali na meza kwa sababu hakutaka kuwaona. Kisha alikuwa na kazi nyingine iliyomshinda nguvu: kutowafunika wa njano. Walilegea vilevile chini ya mwanga mkali wa dari, na mkono wake ulitaka kwenda mfukoni wenyewe. Aliuzuia kwa kushika pipeti ya kunyonyea mayai. Kwenye daftari aliongeza safu mpya, akaiandika kichwa, Kufunikwa, na kila siku alijaza ndiyo au hapana kwa herufi kubwa kuliko zinavyohitajika.

Siku za kuhesabu walikaa wote wawili kwenye hadubini, mmoja akitaja, mwingine akiandika. Wa buluu wakabaki saba kwa mia. Wa nyeupe, waliokuwa na maji safi na kitambaa tu, walipinda wengi kuliko Mkunga alivyotarajia. Alipomwona wa kwanza, mgongo umekunjwa, moyo mdogo ukidunda kwa bidii kana kwamba hakuna lililoharibika, aliondoka kwenye hadubini na kwenda kuosha mikono ambayo haikuwa michafu. Wa njano, bila kitambaa, mara sita kwa wastani: thelathini na mmoja.

"Thelathini na mmoja," alisema mtafiti. "Wako juu ya saba mara nne na zaidi, mama. Metali inamfunga fundi hata taa zikiwaka. Tulikuwa sahihi."

Mkunga alikuwa akitoa thelathini na mmoja kwenye hamsini na wanane, kwa vidole, chini ya meza.

Kwa miezi ile miwili kaka hakupokea simu yake hata mara moja. Habari alizipata kwa shemeji: majike kumi na mmoja wamekuwa wanne.

Kikao cha pili kilijaa watu. Mtafiti alieleza vizuri kuliko alivyojizoeza. Alimweleza fundi na mikono yake iliyofungwa, na hata mzee mmoja wa kamati aliyekuwa akisinzia aliinua kichwa. Ilipofika zamu ya wakili alisimama bila haraka.

"Mwenyekiti, mimi si mtaalamu, mimi nahesabu tu. Miezi miwili iliyopita, kwa barua yao wenyewe, walikuwa na hamsini na wanane. Leo thelathini na mmoja. Tukiwapa miezi miwili mingine, si watafika kumi? Tukiwapa mwaka, samaki watanyooka wote." Watu wachache walicheka. "Naomba kujua hawa wengine wamekwenda wapi."

Mtafiti alifungua mdomo, lakini nyuma yake kiti kilisogea. Mkunga alikuwa amesimama na koti lake la kazi, lile lile, kwa sababu alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye matangi.

"Mwenyekiti, hilo ni langu, niruhusu nijibu mimi," alisema.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimuuliza yeye ni nani.

"Mlezi wa samaki maabara. Wananiita Mkunga." Alitoa kitambaa mfukoni, akakitandika mezani mbele ya wakili. "Niliwafunika kwa hiki. Niliona ni wagonjwa, nikawahurumia, nikawafunika wapumzike. Sikujua kwamba samaki akipigwa na miale anajitengeneza kwa mwanga. Hakuna aliyeniona. Hakuna aliyeniuliza. Nilipojua nilikwenda mwenyewe nikasema, tukarudia kazi yote mbele ya macho ya watu."

Wakili alikitazama kitambaa. Aligusa ukingo wake kwa kalamu, kama mtu anayepima kama kitu kimekufa.

"Umeuliza wengine wamekwenda wapi," aliendelea Mkunga. "Nimewahesabu. Katika kila mia, ishirini na saba walikuwa wangu. Niliwapinda mimi, kwa mkono huu. Nimeshawataja, na ninawaona nikilala. Saba tumeiachia taa, ni haki yenu. Ishirini na wanne waliobaki si wangu na si wa jua. Mimi nimeshawataja wangu. Sasa nanyi watajeni wenu."

Wakili aliangalia karatasi zake, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimepangwa. Mwenyekiti alivaa miwani, akamwomba mtafiti ile karatasi ya hesabu, akaanza kuisoma tangu mwanzo, safu kwa safu, mpaka kwenye ile iliyoandikwa Kufunikwa.

Mkunga alirudi nyuma kutafuta kiti chake, na kilikuwa kimekaliwa. Alisimama ukutani. Kwenye safu ya mwisho kaka yake alikuwa ameweka ndoo juu ya kiti cha pembeni yake, kama kawaida yake ya kuwapa samaki nafasi za watu. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaitoa ndoo, akaiweka chini kati ya miguu yake, akapangusa kiti kwa kiganja.